Mama na Mwamba wa Nzambani

Juzi niliona familia ikipiga picha kando ya gari la kukodi, na harufu ya lile alilolikodi baba nilipokuwa mtoto ikanirudia: marashi ya limau juu ya harufu ya dawa.

Daktari alikuwa amemwambia baba ampeleke mama nyumbani, nami nikadhani amepona. Baba aliposema tupitie Nzambani tuuone mwamba, nikajua tunasherehekea.

Kwetu husemwa kwamba mwanamke akiuzunguka mwamba ule mara saba hugeuka mwanaume. Na mimi sikuwa nimewahi kumwona baba akiugua. Mama alibaki garini, mlango wazi, blanketi hadi kidevuni katika jua lile kali, nyenze wakipiga kelele vichakani. Nikamvuta mkono na kumwita mama kwa lugha yetu.

“Mwaitu, shuka tuuzunguke. Ukiwa kama baba utapona.”

Baba akatazama kando. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, kisha akanishika shavu.

“Na nikishageuka, utamwita nani mwaitu?”

Njiani nilitafuta jibu. Nilipolipata, baba alikuwa amesimamisha gari na kumfunika mama hadi usoni. Alisema jua linamchoma, nisimwamshe.