Ustadhi Odeh Anywa Kahawa Kabla ya Wakati

Hapa mjini kwetu Madaba kila mtu anajua kwamba Ustadhi Odeh ni mwoga, na mwenyewe hakatai. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa mitungi ya gesi, na tangu utotoni hajapanda juu ya paa la nyumba yao, ingawa huko ndiko mama yake alikoanika nguo na zabibu. Walimu wenzake wakimtania hujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha anaendelea kusahihisha madaftari yake.

Mtu wa namna hiyo, tunayemwita Ustadhi kama tunavyomwita mwalimu yeyote, alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na miwili katika shule ya masista, na Alhamisi mchana, saa za klabu, alisimamia sataranji. Hakuna aliyedhani angepewa watoto wa kurukaruka. Lakini mwalimu wa dabke, ngoma yetu ya Kiarabu ya kukanyaga chini kwa mstari, aliolewa akahamia mji wa Irbid, na Sista Klemansi, mkuu wa shule, akamwita ofisini.

"Ustadhi, kuanzia Alhamisi ijayo wewe ndiye wa dabke."

"Mimi, Sista? Niache na sataranji yangu. Hakuna mtoto aliyewahi kuvunjika mguu kwa sataranji."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Dabke ni hesabu ya miguu, na wewe hesabu unazijua."

Ajabu ni kwamba aliiweza. Alihesabu mapigo kwa sauti, watoto wakakanyaga sakafu kwa pamoja hadi vioo vya madirisha vikatikisika. Neno lake lilikuwa moja tu, "Utaanguka!", na alilitumia hata kwa mtoto aliyefunga kamba za viatu. Wakalizoea, wakawa wanalisema kwa pamoja kabla hajafungua kinywa. Walimpenda, wale watoto. Nasema hivi mapema kwa sababu yaliyofuata yangeweza kumfanya mtu asahau.

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa shule, watoto wenyewe wakabuni mwisho wa ngoma: Ghaith wa darasa la tano apande mabegani mwa wavulana wawili wa darasa la nane, asimame, apunge kitambaa. Ghaith alikuwa mwepesi, na hakuna kitu alichokiogopa. Kwao ni ukoo mkubwa wa Kiislamu, nje kidogo ya mji, watu wenye kondoo na wenye hasira za karibu. Kwa majuma matatu alipanda akashuka salama, huku Odeh amefumba macho.

Alhamisi ile hakufumba. Kwaya ilikuwa ikiimba ghorofani, skauti wakipuliza zumari zao za kiriba uwanjani, ngoma ikilia ukumbini. Odeh aliinua uso akamwona mtoto amesimama wima juu ya mabega, mikono imenyooka, kila kitu sawasawa kama alivyofundishwa. Roho ikamruka.

"Ghaith! Utaanguka!"

Mtoto akageuka kumtazama, naye akaanguka.

Mkono ulivunjika mahali pawili, na kichwa kikapiga vigae. Kwa siku mbili hospitalini hakufumbua macho sawasawa. Siku ya tatu aliamka akaomba chakula, na mama yake akalia kwa furaha, lakini ukoo ulikuwa haujafurahi bado. Baba zake wadogo walikuja kwenye lango la shule, wanaume saba, wakasimama bila kusema neno asubuhi nzima. Wazee wa mji wakaenda kuomba amani, wakapewa siku tatu tu. Baada ya hapo lazima watu waende nyumbani kwa babu yake Ghaith kuomba msamaha mbele ya kahawa.

Sista Klemansi hakumficha.

"Wakikataa, nafunga klabu zote. Kwaya, skauti, sataranji, zote. Nina watoto mia nne, siwezi kuwa na uadui na ukoo ule."

"Na mimi, Sista?"

"Wewe utatafuta kazi mbali na hapa, Ustadhi. Si mimi nitakayekufukuza."

Siku hizo tatu mji mzima ulisema mtoto aliteleza. Wale wavulana wawili walisema aliteleza, kwa kuwa ngoma ilikuwa ikilia na hawakusikia lolote. Aliyesikia alikuwa mmoja, na sasa ameamka, na ana ulimi. Kila simu ilipolia Odeh alijua kwamba Ghaith amesema. Aliogopa kwamba atasema, na akajichukia kwa kuogopa hivyo, maana alikuwa anatamani mtoto mgonjwa anyamaze.

Siku ya tatu, alasiri, watu arobaini wakapanda magari. Mbele alikuwa ami yake Odeh, Sakhr, mzee aliyekuwa msemaji wa mji katika mambo hayo tangu enzi, na kando yake Padri Butros. Odeh aliketi nyuma.

"Nisikilize," ami yake akasema bila kugeuka. "Kazi yako leo ni kukaa. Nasema mimi peke yangu. Kahawa ikija, weka kikombe chini mbele yako, usikiguse mpaka mwenye nyumba aseme, 'Nyweni, mmepata mlilolijia.' Ukinywa kabla, umemwambia huna haja naye."

"Najua, ami. Mimi si mgeni wa nchi hii."

"Unajua, ndiyo. Lakini nikikutazama naona hata jina lako limekutoka."

Mzee Mutlaq, babu yake Ghaith, aliwahi kuwa sajenti jeshini, na alikuwa bado anakaa kama sajenti. Wanaume wa ukoo walijipanga kwenye magodoro upande mmoja, wageni upande wa pili. Hakuna aliyetabasamu. Binamu mmoja mwenye mabega mapana akapita na dele, akamimina kahawa chungu, na kila mgeni akaweka kikombe chake chini. Odeh naye akaweka. Mdomo wake ulikuwa mkavu hata ulimi ulinata.

Sakhr akasimama, akamsifu Mungu, akausifu ukoo, kisha akaingia kwenye shauri.

"Ni kudra, ndugu zangu. Mtoto aliteleza. Mwalimu wetu hakuwa na kosa, alikuwa akihesabu tu, kama kawaida yake."

Ni hapo, aliposikia uongo ule ukisemwa kwa heshima kubwa hivyo kwa ajili yake, mkono wa Odeh ulipokwenda wenyewe. Alikunywa kikombe chote. Na kwa kuwa hofu ilimsahaulisha hata kukitikisa kuonyesha ametosheka, mwenye dele, kwa mazoea tu, akammiminia tena. Odeh akanywa na cha pili.

Sakhr akakatika katikati ya sentensi. Padri Butros akafumba macho. Baba mdogo mmoja wa Ghaith akainuka nusu.

"Nani huyu aliyekunywa?" Mzee Mutlaq akauliza.

Odeh aliona kikombe mkononi mwake na akaelewa alichofanya. Kwaya imekwisha, alifikiri. Skauti wamekwisha. Watoto mia nne, na mimi nilikuwa na kiu. Akasimama kwa sababu miguu ilikataa kuendelea kukaa.

"Ni mimi, mzee. Mwalimu."

"Umekunywa kahawa yangu kabla sijatoa neno. Kwa hiyo huna unachoniomba?"

"Sina haki ya kuomba." Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto. "Ghaith hakuteleza. Alikuwa amesimama vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyeogopa, nikapiga kelele, akageuka kunitazama. Nilimwangusha kwa mdomo wangu. Ami yangu hakujua, sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote, niliogopa."

Wanaume upande wa pili walisimama wote kwa mara moja, na Odeh akaweka mikono kichwani, akingoja pigo.

"Kaeni!" Mzee Mutlaq akafoka, nao wakakaa. Akamgeukia Odeh. "Hilo tunalijua. Ghaith alituambia siku ileile alipofumbua macho. Kisha akatuapisha tusilitoe nje. Unajua alisema nini? 'Babu, asijue kwamba nilimsikia. Ataogopa kunifundisha tena.'"

Odeh akalia palepale, mbele ya watu themanini, na hakujaribu kuficha.

"Siku tatu nimekaa nikingoja," mzee akaendelea. "Nilitaka kuona kama atakuja mtu wa kuniambia alichoniambia mtoto, au watakuja watu arobaini kuniambia aliteleza." Akamgeukia Sakhr. "Nyweni, mmepata mlilolijia. Kahawa yenu imepoa, lakini hilo ni kosa lenu. Nina sharti moja tu. Mfupa ukiunga, mjukuu wangu atapanda tena, na huyu atasimama palepale amefunga mdomo."

"Afadhali mngenipiga," Odeh akasema, na baba mdogo aliyekuwa ameinuka nusu akashindwa kujizuia, akacheka.

Mfupa uliunga. Mwezi wa sita, kwenye sherehe ya kufunga shule, ukumbi ulijaa masista, wazazi, na mstari mzima wa vilemba vyekundu na vyeupe vya ukoo wa Mutlaq. Odeh alisimama chini ya jukwaa, ameingiza kitambaa kizima mdomoni. Alihesabu kwa mguu. Ghaith akapanda, akasimama, akanyoosha mikono. Kisha, kwa makusudi, akageuza kichwa kama siku ile na kumtazama Odeh usoni.

Jasho lilimtiririka Odeh hadi machoni. Alihesabu nane, akahesabu kumi na sita. Hakutoa sauti. Mtoto akapunga, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, akaruka chini kwa miguu miwili.

Nyuma ya pazia Ghaith alimkuta ameketi sakafuni. Akachukua kitambaa kutoka mkononi mwake, akakikunjua, akaona matundu mawili ya meno katikati. Akakikunja upya, akakitia mfukoni, na hakumwambia mtu.