Tairi za Ubavu Mweupe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, waulize wateja wangu wote wa pale Meru mjini. Ukiniletea tairi kipara na kuniambia itakufikisha, nitakugombeza kwanza, salamu baadaye. Lakini palikuwa na mtu mmoja ambaye sikuweza kumgombeza, wala kumpinga, wala hata kumtazama machoni, na nusura tufe wote wawili kwa sababu hiyo.

Alikuwa baba wa msichana niliyetaka kumuoa. Mwalimu mkuu mstaafu, nyumbani kwake Kianjai, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe. Kwetu mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Huketi naye ukapiga soga. Huli mbele yake. Akisema leo ni Jumanne na wewe unajua ni Jumatano, basi ni Jumanne. Wazee wangu walikuwa wamepanga kwenda kwake Jumamosi kuzungumza habari ya mahari, kwa hiyo wiki ile nilitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Miaka hiyo ya tisini, ukiwa na pikapu kwetu ulikuwa mtu. Mwalimu alikuwa na kagari ka kijani, viti viwili tu, hakana paa, taa za mviringo, rimu za spoki. Alikanunua kwa mkulima mmoja Mzungu wa Timau aliyekuwa akihama. Kalikuja na tairi nyeusi zilizokwisha, na Mwalimu alikuwa na picha ya zamani ya gari la aina hiyo hiyo limesimama mbele ya hoteli, tairi zake zina ubavu mweupe pe. Alitaka hizo, hakutaka nyingine. Binti yake alikuwa amepata kazi ya kufundisha Embu, na Mwalimu alikuwa ameapa kumpeleka mwenyewe, kwa gari lile, tairi nyeupe, walimu wenzake wote waone.

Alipokuja kibandani kwangu nilimwonyesha tairi nne mpya, nyeusi, saizi yenyewe, nilizozitafuta mpaka Nairobi. Nikamwambia ningeweza kuzipaka rangi nyeupe ubavuni.

"Kupaka chokaa ni kwa makaburi," akasema.

Nikasema sawa, Mwalimu.

Akanipeleka Kangeta, kwa mfanyabiashara mmoja wa miraa aliyekuwa na stoo nyuma ya soko. Ndani kabisa, zimefungwa kwa magunia, palikuwa na tairi tano za ubavu mweupe. Sitadanganya, zilikuwa nzuri. Meno yake yalikuwa mazima, hazikuwa zimetembea hata kidogo. Mwalimu alichuchumaa mbele yake akatabasamu, na sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu.

Nami nikachuchumaa. Nikabonyeza ubavu kwa kidole gumba, nikasikia harufu. Mtu alikuwa amezipaka kiwi ya viatu sehemu nyeusi, na ile sehemu nyeupe ameitengeneza kwa dawa ya kung'arisha raba za shule. Chini ya kiwi mpira ulikuwa na nyufa nyembamba kuzunguka tairi nzima. Tairi ikikaa miaka mingi bila kutembea mpira hukauka, na hayo meno mazima hayakusaidii kitu. Kila fundi anajua hivyo.

"Unaonaje, kijana?" Mwalimu akauliza.

Mwenye stoo alikuwa amesimama pale, na wanaume wawili wakitafuna miraa, na wote walijua mimi ni mkwe mtarajiwa. Kusema zimeoza ilikuwa ni kusema mbele ya watu kwamba Mwalimu haoni. Kama angekuwa mteja mwingine yeyote ningezipiga teke zile tairi mpaka barabarani.

"Ni sawa, Mwalimu," nikasema.

Maneno matatu. Nilizifunga tairi zile kwa mikono yangu mwenyewe, nne chini na ya tano nyuma kama spea, nikatia tyubu mpya nikijidanganya kwamba tyubu itasaidia.

Jumapili mchana yule msichana alipita kibandani akitoka kanisani. Alikuwa na furaha, na mimi sikuweza kumtazama yeye pia.

"Kesho usiingie kwa hiyo gari," nikamwambia. "Panda basi."

"Kwa nini?"

"Panda basi tu. Mimi nitaenda na Mwalimu."

"Baba amengoja hii siku tangu niko darasa la nane, na wewe unataka kukaa kwa kiti changu?" Akanitazama sana. "Kuna kitu hunielezi."

Nikainamia tyubu niliyokuwa nikiziba. Ningemweleza angemwambia baba yake, na baba yake angejua nimemwita mjinga kupitia kwa mtoto wake. Huo ndio ujinga niliokuwa nao.

Jumatatu asubuhi nilimwambia Mwalimu kwamba tairi zikishafungwa, fundi lazima azisikilize kwanza kwenye safari ndefu. Ulikuwa uongo mtupu, lakini ulikuwa uongo wenye adabu, akaukubali kwa shingo upande. Msichana akapanda basi la Embu bila kuniaga.

Tukatoka. Watu walisimama kando ya barabara kutazama tairi, watoto wakakimbia nyuma yetu, na Mwalimu akawa anapunga mkono kama mbunge. Mimi nilikuwa nazisikiliza tairi kwa nyayo za miguu yangu. Tulipokaribia Nkubu nikaanza kusikia, karibu na miguu yangu, upande wa kushoto mbele, tap, tap, tap. Ubavu ulikuwa umefura na ulikuwa unagusa bati la gari.

Nilijua mbele kuna miteremko, mto baada ya mto mpaka Chuka. Nilitafuta namna ya kusema bila kusema.

"Mwalimu, tungesimama Nkubu tupate chai."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Wewe unywe chai na mimi? Jumamosi wazee wako wakisikia hivyo watakufukuza." Akaongeza mwendo tena.

Tap ikawa haraka. Niliwaza kumwambia nataka kujisaidia, nikaona hilo nalo haliambiwi mkwe. Nilishika mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, nikawa nahesabu kona. Niliogopa kufa, niseme kweli, na bado niliogopa zaidi kufungua mdomo.

Ililipuka katikati ya mteremko. Gari lilivutwa kushoto kwa nguvu, Mwalimu akang'ang'ana na usukani, tukapanda ukingo wa udongo na kuuparura mpaka likasimama limeinama. Kulia, ng'ambo ya barabara, hakukuwa na ukingo, kulikuwa na bonde. Tulikaa hapo tukipumua.

Mwalimu alishuka akiwa wa kwanza. Akapiga magoti kwenye tairi, akaingiza kidole ndani ya nyufa, akafuta kiwi kwa leso yake, akaitazama leso.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu Kangeta."

Akafikiri. "Ndio maana hukutaka binti yangu akae humu."

"Ndiyo."

"Yeye asife. Mimi nife, bora niwe nimeheshimiwa." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Waambie wazee wako wasije Jumamosi. Sina binti wa kumpa mtu wa 'Ni sawa, Mwalimu'."

Nikashuka nami. Alienda nyuma ya gari akaanza kufungua spea, ile ya tano, nyeupe pe, imetoka gunia lile lile.

"Lete jeki," akasema. "Hii itatufikisha Embu."

Itatufikisha. Nimelisikia neno hilo kwa wateja mara ngapi sijui, na kila mara damu hunipanda. Siku hiyo ilinipanda vilevile, na haikujua huyu ni mkwe.

"Hapana," nikasema.

Akageuka. Nikamtazama machoni, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hiyo haifungwi. Imeoza kama zile nne, na wewe mwenyewe umetia kidole ukaona. Nilikuletea tairi nzuri, ukaniambia habari za makaburi. Mimi nilikosea kwa kunyamaza, nimekubali, lakini wewe ulitaka kunyamaziwa."

Nikatoa kisu cha kazi mfukoni, nikaidunga spea ubavuni nikaivuta mpaka mwisho. Upepo ulitoka wote. Ule weupe ulifunguka vipande viwili, na nikasimama pale nikiwa na kisu mkononi mbele ya baba mkwe wangu, nikijua kwamba sina mke tena.

Mwalimu akaingiza kidole kwenye mpasuko. Lori lilipita likapiga honi, hakuligeukia.

"Sasa tutafikaje?" akauliza.

"Kwa miguu, mpaka penye maduka. Halafu nitarudi mjini nichukue zile nyeusi."

Tukarudi kuupanda ule mteremko. Alikuwa na umri na alichoka, na nilipompa mkono sikujua kama ataushika, akaushika. Juu palikuwa na hoteli ndogo ya mabati, meza mbili. Aliketi, akanionyesha kiti cha mbele yake. Nikabaki nimesimama. Akanionyesha tena, nikaketi.

Akaagiza chai mbili. Zilipoletwa akasukuma kikombe kimoja upande wangu na kungoja. Mwenye hoteli, aliyekuwa ameona nilivyosita kuketi akatambua mimi ni mkwe, alisahau kuondoka.

"Kunywa," Mwalimu akasema. "Kisha uniambie ikoje."

Nikanywa.

"Ni baridi, Mwalimu," nikasema, "na haina sukari."

Akaonja yake. Akamrudishia mwenye hoteli vikombe vyote viwili, akamwambia achemshe upya, na tena afanye haraka, kwa sababu mkwe wake ana kazi nyingi kabla ya Jumamosi.