Kaa Asiyebana

Binti yangu wa miaka mitatu aliingia jikoni amembeba kaa kiganjani kama kipande cha mkate. Kaa hakumbana. Miguu ilipapasa hewani polepole, kama mlevi anayetafuta mlango. Nilikuwa nakoroga uji wa maji ya kijito alikomtoa. Niliutoa jikoni, nikaumwaga wote nje, sufuria nikaipiga teke.

Nimezaliwa upande wa ziwa. Kaa mzima hashikwi hivyo, utalia.

Na sisi tulikuwa tumeshangilia! Tangu lifunguliwe lile banda la kuvunja betri za malori zilizokufa, upande wa juu wa kijito chetu cha Langas, konokono walikwisha. Shuleni tulifundishwa konokono ndio huleta kichocho, basi tukasema Mungu ametusafishia maji. Vyura nao wakanyamaza. "Sasa tutalala," jirani yangu akacheka. Tukaacha foleni ya bomba, tukachota kijitoni. Maji maangavu, mpaka mchanga unauona. Hakuna aliyeuliza konokono wameuawa na nini. Hata tulipoona vikambare vimepinda mgongo, vinazunguka pale pale, tulisema ni baridi.

Nikamfunga mtoto mgongoni, kaa nikamtia kwenye mkebe, nikapanda mpaka bandani. Wanaume walikuwa wakimwaga asidi mtaroni, na tope la kijivu la madini ya risasi ya betri likiteremka nayo.

"Mama, kaa huyo amechoka tu," mwenye banda akasema akicheka. "Mpe chai."

"Chai peleka kwako. Chota hapo chini unywe, nikuone."

Akaacha kucheka. "Hii kazi wakubwa wanaijua. Ama wewe unapinga maendeleo?"

Miaka ile, neno hilo lilitosha mtu kuchukuliwa na askari nyumbani kwake. Halafu mtoto akasema, mdomo kwenye shingo yangu, "Mama, tumbo."

Nikaenda moja kwa moja kwa chifu. Karani, chini ya picha ya Rais, alichungulia mkebe. "Mama, kesi za kaa hatuna. Andika za watu."

Niliandika nimesimama:

"Kwa Chifu. Mimi ni mama, mkazi wa Langas. Namshtaki mwenye banda la betri kwa kumwaga asidi na risasi katika maji yetu. Konokono wamekufa, vyura wamekufa, kambare wamepinda. Kaa aliyebaki ni huyu mkebeni, mtie kidole uone kama atabana. Mtoto wangu amekunywa maji hayo hayo tangu aache kunyonya. Naomba banda lifungwe, na mtoto apimwe damu leo."