Mama Sponji na Majaketi Yasiyoelea

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila mtaani halikuwa na kazi tena. Miaka ishirini na miwili ya kushona makochi na kufufua viti ambavyo wenyewe walishavikatia tamaa ilimpa jina jingine: Mama Sponji. Hata mumewe alimwita hivyo alipotaka chai. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na humo alifanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa kukata kitambaa na ulimi mwepesi zaidi.

Asubuhi moja akaingia kijana mrefu, mpole, amebeba mafurushi mawili. Alikuwa mtafiti katika taasisi ya utafiti wa amani iliyokuwa mtaa wa pili. Ndani ya mafurushi mlikuwa na majaketi ya kuelea ishirini na sita. Alieleza kwamba yalivaliwa na wahamiaji waliokuwa wakivuka bahari, boti yao ikapasuka, na kwa bahati meli ya mizigo ikawaokota wote wakiwa hai kabla haijazama. Baada ya mwezi taasisi ingefanya mkutano wa usalama wa baharini, wageni wangetoka nchi nyingi, na yeye alitaka majaketi hayo yatundikwe ukutani. Yashonwe tu palipochanika.

Mama Sponji alichukua la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba. Akabonyeza mara ya pili, akamtazama wifi yake.

“Mwanangu, nani kakwambia hili linaelea?”

“Limeandikwa hapo kifuani, mama.”

“Hata mimi naweza kujiandika kifuani kwamba ni msichana.”

Wifi alicheka mpaka mkasi ukamponyoka. Mama Sponji alifumua mshono, akavuta kilichomo, nacho kilikuwa sponji laini ya mto wa kochi, ile inayokunywa maji kama ardhi ya kiangazi. Akairudisha ndani, akajaza beseni maji, akalitosa jaketi, akaliwekea juu kopo la vifungo. Wifi hajamaliza kukata foronya moja, jaketi na kopo vyote vilikuwa chini.

Mtafiti alivuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa. Akasimulia kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akiwahoji watu waliovuka bahari, na wengi walimwambia jaketi lilikuwa likiwavuta chini. Aliandika kila neno, lakini pembeni aliweka alama kwamba hiyo ni hofu tu, mtu aliyetishika huona mengi. Sasa uso ulimshuka kwa haya.

“Basi umeshajua,” Mama Sponji akamwambia. “Na hapo ulipokaa inuka taratibu, hicho kiti bado kina misumari.”

Kazi aliyoletewa ilikuwa ya siku moja, ikala wiki nzima. Aliyafumua yote ishirini na sita, na mchana wa siku ya tatu akaona jambo ambalo macho ya fundi cherehani tu ndiyo huliona. Katika majaketi kumi na tisa, kila baada ya mapigo saba ya sindano, pigo moja liliruka. Cherehani iliyoshona ilikuwa na ndoano, ile inayodaka uzi chini ya sindano, iliyomeguka ncha. Kumi na tisa hayo, akasema, yametoka mkono mmoja na mashine moja. Mtafiti alipeleka habari kwa askari wa doria ya baharini, nao, wakiwa na kipande cha mshono mfukoni, wakapita ghala moja baada ya jingine karibu na gati. Katika la tano waliomba mashine iliyokuwepo iendeshwe. Ikaruka baada ya mapigo saba. Humo humo walikamata majaketi mia nne yaliyokuwa hayajamfikia mtu.

Ikabidi Mama Sponji aitwe mkutanoni aeleze mwenyewe. Hapo ndipo alipogoma. Alisema shule aliiacha darasa la saba, hawezi kusimama mbele ya maprofesa. Wifi alimwacha aseme weee, kisha akamjibu kwa ufupi.

“Wao wanajua bahari, wewe unajua sponji. Hujaitwa ukaogelee.”

Siku ilipofika alisimama mbele ya ukumbi amevaa nguo aliyoishona mwenyewe, mkasi mkononi. Akachukua jaketi moja. Alilipasua, akawapitishia wageni sponji waibonyeze, akawafundisha kupima kwa beseni na uzito. Profesa mmoja mwenye mvi aliuliza kwa heshima ni wapi alikosomea mambo haya.

“Kwa makalio ya wateja,” akajibu. “Sponji ikidanganya, wao ndio wa kwanza kujua.”

Mkalimani alisita kidogo, kisha akatafsiri, na kicheko kikapita ukumbini mstari kwa mstari. Miezi miwili baadaye ripoti ilitoka, na jina lake lote, lile alilopewa na wazazi, lilikuwa kati ya majina ya waandishi. Mumewe alilisoma kwa sauti mara tatu, kisha akaomba chai akimwita profesa.

Halafu askari wa doria wakamwomba ashone majaketi ya kweli, yenye sponji ngumu isiyokunywa maji, wayafanyie majaribio katika bwawa la chuo chao. Mkuu wao alikuwa ameandaa askari hodari wa kuyajaribu. Mama Sponji akakataa katakata. Alisema hawezi kumtosa mtoto wa mwenzake ndani ya mshono ambao yeye mwenyewe hajauamini. Akavaa la kwanza, akafunga kamba zote tatu, akashuka ngazi ya bwawa huku akimwomba Mungu, akajiachia.

Maji yalimfika kidevuni yakaishia hapo. Alitapatapa kidogo, akaacha, akaona bado yupo. Akajilaza chali na kutazama mawingu, akicheka peke yake.

“Pakoje huko?” wifi aliuliza kutoka ukingoni, alikokuja kumshikia mkoba tu.

“Hapasimuliki. Vaa uje.”

Wifi akamkabidhi mkoba mtafiti, aliyekuwa kando akiandika, akadai jaketi la pili. Saa ya majaribio ilipita, askari wakaenda kula, na mawifi wale wawili walikuwa bado majini wakisukumana kwa miguu.