Chuma ni Mkubwa wa Dhahabu

Mdogo wangu alipofika likizo kutoka Ikoma, baba aliweka nyundo chini. Mimi hajawahi kuniwekea nyundo chini. Naishi naye hapa Kewanja, nafundisha fizikia sekondari ya kata, na kila jioni nikimwamkia, marahaba yake inatoka huku nyundo inagonga.

Mdogo wangu yuko kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la hifadhi. Wageni wakishakula anawatoa nje, anawaonyesha nyota na kuwasimulia. Hayo anayosimulia nilimfundisha mimi, kwa simu, nikirudia mpaka koo linakauka. Lakini mtaani binti wa nyota ni yeye. Mimi ni ticha tu.

Mchana huo alikaa kwenye kigogo kando ya moto wa baba, vumbi la safari bado miguuni, akamgeukia mzee, akaanza.

"Tata, hii dhahabu wanayochimba hapa ilitoka kwenye nyota. Nyota kubwa zilikufa, zikapasuka, na vumbi lake ndilo limo humu ardhini."

"Weee! Nyota?" Baba alicheka mpaka akamwita jirani aje asikie.

Na baba haipendi dhahabu! Ni mhunzi, mtoto wa wahunzi. Zamani koo nyingine hazikutaka kuoa kwetu. Walisema mkono unaofua mkuki umebeba kifo. Siku hizi vijana wanapita mbele ya karakana yake wakienda kutafuta kazi mgodini, hata hawageuki. Leo dhahabu imekuwa tamu kwa sababu imetoka kinywani mwa kipenzi chake. Nikasema makusudi, jirani akisikia:

"Hajakwambia kilichoiua hiyo nyota. Ni chuma."

Jirani alilitazama panga lililokuwa motoni, kisha akatazama pembeni. Baba akanigeukia. "Chuma?"

Nikaeleza kwa sauti yangu ya darasani. Nyota kubwa inaishi kwa kuunganisha vitu vyepesi viwe vizito: haidrojeni inakuwa heliamu, halafu kaboni, oksijeni, silikoni, na joto linalotoka ndilo linaloizuia isijiangukie. Ikifika kwenye chuma, mambo yamekwisha. Kuunganisha chuma hakuleti joto, kunalila. Tumbo likijaa chuma, kiini kinaporomoka kufumba na kufumbua, na nyota inalipuka. Dhahabu inapatikana baada ya hapo, katika vurugu za mlipuko, au mabaki ya nyota zilizokufa yakigongana.

Baba alifikicha viganja vyake vyeusi. "Kwa hiyo dhahabu ilimkuta chuma."

"Ndiyo, tata."

"Chuma ni mkubwa wake."

"Ni mkubwa wake."

Alinitazama kwa muda, nyundo ikiwa bado chini. Nilifurahi mno, nikatafuta cha kuongeza. Ndipo akakivuta kile kigogo cha mdogo wangu karibu naye zaidi.

"Haya mama, sasa hiyo ya chuma nisimulie wewe. Huyu anafundisha. Wewe unasimulia."

Akasimulia. Maneno yalikuwa yangu, ila kwake nyota ilikuwa mhunzi mzee anayechochea moto na kuni zimekwisha, anatia hadi mpini wa nyundo. Baba alikuwa amefumba macho. Nilishika ndoo niende zangu kisimani, wivu umenijaa mpaka kwenye kucha. Lakini nilibaki nimesimama pale na ndoo tupu, kwa sababu nilitaka kujua nyota itakufaje.