Reli ya Papa Iliyozunguka Kilima

Mke wa mwanangu ananicheka. Kila tukimaliza kopo la sardini hapa nyumbani, mimi nalichukua, naliosha kwa sabuni, nalianika dirishani, na siku ya tatu yeye analitupa bila kuniambia. Juzi aliniuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayesema na mgonjwa: "Mama, hizi boite munachungia nani?" Sikuwa na jibu fupi. Jibu lake ni refu, rafiki yangu, na kwa kuwa wewe umeketi na huna haraka, acha nikupe wewe.

Sisi ni watu wa kilimani, juu ya barabara inayotoka Sake kwenda Masisi, ukishapita Mushaki. Nilikulia huko mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani ya jiko, unasikia ng'ombe wa jirani wakilia lakini huwaoni. Maharage yaliwekwa motoni jogoo akiwika na yalikuwa hayajaiva saa sita, maana baridi ya kwetu haipendi maharage. Mama alilima, bibi alichambua mbegu, sisi watoto tulichota maji na kufukuza ndege. Papa, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, hakuwapo. Aliondoka nikiwa mgongoni mwa Mama, akapita kwa miguu katika msitu wa Walikale, akaenda kutafuta kazi kwenye reli ya Kindu.

Aliporudi nilikuwa nimeng'oa meno mawili. Wanaume wengine wa kilima waliotoka kwenye kazi za mbali walirudi na baiskeli au mablanketi. Papa alirudi na chupa moja tupu, nyeupe, ameizungushia kitambaa mpaka kwenye kizibo. Mama hakusema naye siku mbili.

Kilima kizima hakuna aliyewahi kuona treni. Papa alipowaeleza wazee kwamba kuna nyumba za chuma zinazofuatana, wenye kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, waliitikia kwa adabu, wakajaziana vikombe, wakauliza habari za mvua. Mtu mwingine angeapa. Papa hakuwa mtu wa kuapa, alikuwa mtu wa kujenga, na kesho yake alikata mwanzi.

Alianza nyuma ya jiko. Mianzi aliipasua na kuilainisha kwa kisu, hizo ndizo reli. Chini yake alilaza vipande vya matete, yeye akiviita traverse, na ole wako ukiviita vijiti. Mabehewa yalikuwa makopo ya sardini, tuliyoombewa na jirani yetu mmoja aliyekuwa mpishi kwenye shamba la jibini la mzungu. Magurudumu yalikuwa zile bobine za mbao za kuzungushia uzi. Fundi cherehani wa sokoni alikuwa akizitupa, na Papa alizipenda kwa sababu zina ukingo huku na huku, na ukingo huo ndio unaozishika juu ya mwanzi zisianguke. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la majarini lililojazwa mawe, na bomba la moshi la mwanzi mwembamba.

Papa alitutuma, mimi na kaka yangu, tuchimbe njia kutoka jikoni hadi mgomba wa pili. Tukafanya kosa ambalo mtoto yeyote wa Masisi angelifanya. Tukaipandisha wima, moja kwa moja, kama zinavyopanda njia zetu zote, maana kwetu mwanamke mwenye mzigo mgongoni, kamba yake kwenye kipaji cha uso, hatafuti kona, anaangalia juu na anakwenda. Papa alikuja, akashika kiuno, akaitazama kazi yetu.

"Hii mulitengenezea mbuzi," akasema. Halafu akachuchumaa. "Mulima hamubishanake naye, batoto. Muzunguke."

Hapo ndipo chupa ilipotoka kwenye kitambaa. Aliijaza maji, akaacha nafasi ndogo ya kipovu kimoja, akaifunga juu ya fimbo yenye urefu wa hatua. Chini ya ncha moja ya fimbo alibandika kibao chenye unene wa kidole. Ukiilaza fimbo chini na kipovu kikasimama katikati, ujue njia inashuka kidole kimoja kwa kila hatua, haizidi, haipungui. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Papa. Treni yake haisukumwi wala haivutwi, inakwenda yenyewe, na njia ikizidi kidole treni inakimbia na kuanguka, ikipungua inalala. Mimi nikapewa kazi ya kubeba chupa. Mwenye chupa haruki, hacheki, hapigi chafya. Sijapewa cheo kikubwa zaidi ya hicho maisha yangu yote, na nimekuwa hata mwenyekiti wa akina mama kanisani.

Siku ilipotembea mara ya kwanza bibi aliacha ungo. Papa aliweka kidole nyuma ya behewa la mwisho, akakitoa. Treni ikafikiri kidogo. Halafu ikaanza, krrr, krrr, polepole kabisa, ikazunguka jiko, ikapita mgomba wa kwanza, ikasimama kwenye wa pili. Ilikuwa reli ambayo treni yake inashuka yenyewe na kupandishwa ndani ya kikapu, lakini hatukuliona hilo kuwa kasoro.

Basi, bandu bandu huisha gogo. Kila kiangazi reli iliongezeka, na kila hatua iliombwa kwa Mama, kwa sababu shamba la maharage lilizunguka nyumba yote na shamba lilikuwa lake. Mama alikuwa serikali. Papa alikwenda kumwona jioni, amenawa miguu, anaanza na habari za mbali. Mama anamwacha amalize, kisha anasema, "Hatua kumi. Ukigusa ya kumi na moja, utaipikia treni yako na itakupikia na weye." Akapata kumi, mwaka uliofuata thelathini. Alijenga stesheni ya udongo jikoni, akaipaka udongo mweupe, akaiita Masisi. Penye kona ya kilima akajenga ya pili, akaiita Walikale, akaizungushia mikangaga na miche midogo ya porini, ili treni ipotee kabisa msituni na kutokea upande wa pili. Nakuambia, ilipopotea mle sisi tulinyosha shingo wote, kila mara, kana kwamba huenda safari hii isitokee.

Mpishi alimtania: "Papa, Walikale kule hakuna treni."

"Bado," akajibu. "Miye nimetangulia."

Daraja la juu ya mtaro alilijenga kwa fimbo za Mama za kupandishia maharage. Kuhusu hilo sitaeleza mengi, ila kulikuwa na kelele, na amani ilikuja kwa masharti kwamba treni nayo ifanye kazi. Ikaleta maharage kutoka pembe ya juu ya shamba, kwa tawi la reli lililoshukia jikoni, kopo kwa kopo, Mama amesimama stesheni mikono kiunoni. Angeweza kuyaleta yote kwa kikapu kimoja kabla treni haijafika nusu ya njia. Lakini aliyapokea, akayapika, akasema yale ya treni yanaiva upesi.

Stesheni ya mwisho ilikuwa iwe Kindu, kwenye kisima, upande wa pili wa kilima. Kiangazi kile Papa hakufanya kazi nyingine.

Na kiangazi hichohicho ndipo ilipokuja amri ya serikali ya wakoloni. Kila nyumba ichimbe mifereji ya kukata shamba kwa upana, ili mvua isichukue udongo, na iwe tayari kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Asiyechimba anakwenda gereza la teritware, makao ya serikali ya wilaya, huko Masisi. Watu walichimba kwa hasira, hapa na pale, kama amri zote za wakati ule zilivyofanywa. Papa alisema atachimba kesho. Mama alimwambia, bibi alimwambia, hata mimi mwenye chupa nilimwambia. Alikuwa amebakiza hatua arobaini afike Kindu.

Monitere wa kilimo, msimamizi wa amri ile, alikuja asubuhi moja. Alikuwa kijana wa mbali, Mkongo mwenzetu, daftari kwapani. Alisimama juu ya shamba letu, akatazama chini, nasi tukasimama nyuma yake kama watu wanaosubiri habari ya mgonjwa.

"Aaa," akasema. "Hii njo mufereji. Angalia vile inazunguka. Kilima yote sijaona kama hii. Nani alikufundisha, Papa?"

Rafiki yangu, tulikuwa tumeokoka. Papa alihitaji tu kufunga mdomo. Mama alimwangalia kwa macho ambayo mimi nayajua.

"Ile haiko mufereji," Papa akasema. "Iko njia ya treni."

"Njia ya nini?"

"Ya treni. Inatoka Masisi, inapitia Walikale, inaenda Kindu."

Nitasema kweli: saa ile nilimchukia. Nilimwona anatuacha tena, safari hii kwa ajili ya makopo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtu aliyekaa miaka mingi bila kuaminiwa hawezi kukubali kusifiwa kwa kitu kingine.

Monitere alifungua daftari. "Basi mufereji hauna. Tutaenda sote mpaka teritware."

"Ataenda," Mama akasema. "Lakini kwetu muntu hatokake mu nyumba na njaa, na mugeni pia. Maharagi iko karibu kuiva. Ikala, Papa monitere."

Maharage hayakuwa karibu kuiva hata kidogo. Mama alikuwa amewaona ng'ombe wa jirani wakirudi wenyewe kutoka malishoni, na alijua maana yake. Akamkalisha kijana penye mlango wa jiko, akampa maziwa, akachochea moto bila haraka yoyote, akamuuliza habari za mama yake mzazi. Mvua ikaanza. Mvua ya kwanza ya Masisi haijui kudondoka, inamwagwa.

Tuliona maji yakishuka kwenye mashamba ya juu na ya pembeni, mekundu, yamebeba udongo na maharage machanga, yakiruka ile mifereji ya hasira kama hayakuiona. Yakafika kwetu. Yakaingia kwenye njia ya reli, yakageuka, yakaanza kutembea. Yalizunguka jiko, yakapita migomba, yakapita kona, kidole kimoja kwa kila hatua, hayakukimbia wala hayakulala. Shamba la Mama chini ya reli lilibaki limetulia.

Yalichukua na treni pia. Traverse ziling'oka moja moja. Makopo yalielea yakigongana, daraja likaenda, na stesheni ya Masisi, pale mbele yetu, ililainika, ikainama, ikawa uji mweupe. Monitere alikuwa anaangalia udongo uliobaki. Papa alikuwa anaangalia kile kingine. Mama alikwenda akasimama karibu naye mlangoni, bega kwa bega, jambo ambalo sikuwahi kuwaona wakilifanya mchana.

Mvua ilipopungua monitere alikula maharage mabichi yaleyale, akayamaliza. Hakuandika jina la Papa. Akasema, "Utoshe hii mianzi mu mufereji, upanue, uende chini mukono moja. Ukimaliza, uanze kwa jirani yako. Na hiyo chupa yako, ukuje nayo."

"Na treni?" Papa akauliza.

Kijana alifunga daftari. "Treni haiko ndani ya kitabu yangu, Papa."

Ndivyo reli ilivyokwisha, na ndivyo ilivyokua. Miaka miwili nilibeba chupa ile kutoka shamba hadi shamba, Papa akipanga mistari, na watu waliokuwa wakijaziana vikombe sasa wakimsubiri ndipo waanze kulima. Zile hatua arobaini alizichimba mwenyewe mpaka kisimani. Hakujenga stesheni pale. Nilimwomba, akasema maji hayahitaji stesheni.

Mengi yamekwisha tangu hapo. Uhuru ulipofika watu walifukia mifereji ya amri kwa furaha, na sikuwalaumu, iliwaliza wengi. Ya Papa hawakuifukia, ng'ombe walikula majani ya kingo zake miaka na miaka. Baadaye zikaja nyakati za kukimbia vita, nyumba ile haipo, na sijui leo ni nani anapika nini pale jikoni. Wajukuu zangu wanajua kwamba baba yangu alikuwa mkulima. Nikiwaambia alijenga reli wanaitikia kwa adabu.

Lakini nilikuwapo tulipomzika. Alifia hospitali, wakamleta kwa barabara mpaka kisimani. Kutoka hapo hadi nyumbani kuna njia ya mkato inayopanda juu ya mgongo wa kilima, dakika chache tu, na ndiyo inayotumiwa na kila mtu wa kwetu mwenye mzigo. Wanaume sita waliinua jeneza. Yule mpishi, mzee sasa, alikuwa mbele. Aliiacha njia ya mkato, akaingia kwenye ukingo wa mfereji wa Papa, na wote wakamfuata, taratibu, wakizunguka kilima kizima, jeneza limelala sawa mabegani, halikuinama hata mara moja. Mimi nililia pale njiani, kaburini sikulia.