Santuri Isiyoazimwa

Mtama uliolala majini wiki nzima una harufu yake, kama pombe iliyokataa kuwa pombe. Nikiisikia popote, hata kwa jirani aliyesahau kuanika, narudi Rukala nikiwa mtoto wa miaka minne au mitano, nimekaa juu ya kichuguu na kuku mapajani. Maji ya Nzoia yamejaa kote. Baba amesimama ndani yake hadi kiunoni, anaangalia ghala letu likiinama polepole upande mmoja. Yule kuku alininyea na sikuthubutu kumwachilia, kwa sababu mama alikuwa ameniambia huyo ndiye mali yote iliyobaki.

Najua mtauliza kuku na mafuriko vinahusiana nini na santuri. Nafika. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na walionifundisha kusimulia walikuwa bibi zangu, ambao wangeanza na ndoa ya shangazi ili wafike kwenye bei ya chumvi.

Maji yalipopungua baba aliapa hatalala tena mahali ambapo mto unaweza kumkuta kitandani. Tukafunga mizigo, tukapita Funyula, tukapita Busia, tukafika Malaba, ambako pia kuna mto, lakini ni mto mwembamba wenye adabu, kazi yake ni kutenganisha Kenya na Uganda tu. Baba akapata kazi ya kubeba magunia stesheni. Tukapanga chumba kwenye ploti ya vyumba vinne, na hapo nikajifunza Kiteso kwa njia ya haraka kuliko zote, yaani kutukanwa na watoto wa majirani.

Chumba cha mwisho kilikaa kitupu hadi alipokuja Omoding. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Ng'ambo kulikuwa na serikali ya bunduki, na watu walivuka na vitu vya ajabu. Mzee mmoja alivuka na mlango wa nyumba yake. Mama mmoja alivuka na mtungi wa maji, umejaa. Omoding alivuka na sanduku la mbao lenye santuri, kubwa na ndogo, na hakuwa na cha kuzichezea. Gramafoni yake ilibaki geti la mpakani kwa askari wa upande ule, aliyemwambia achague, ama chombo ama santuri.

"Na wewe ukachagua sahani," baba alimwambia. "Basi leo utapakulia nini juu yake?"

"Chombo ni chuma tu, mzee. Chuma naweza kupata ingine."

Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ndogo ya Tororo, bendi ya harusi na mabaa. Kwetu alifunga turubai za malori ili apate chakula. Lakini Jumapili baada ya kanisa alitoa sanduku lake barazani, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Mtu hakuja kutaja santuri anayoitaka. Alikaa kwenye kigoda, Omoding akamwuliza, "Wiki hii umelalaje?" Kutokana na jibu lako angevuta santuri moja na kukuambia, "Basi wiki hii wewe ni wa huyu." Halafu, kwa vile gramafoni hakuna, alikueleza wimbo wote akipiga sanduku kwa vidole.

"Hapa gitaa la kwanza linauliza. La pili linakataa kujibu. Ngoja. Ngoja kidogo. Sasa."

Na sisi sote tungeinama mbele kana kwamba kuna kitu kimeingia barazani. Nilikuja kuzisikia nyingi za nyimbo zile nikiwa mtu mzima, kwa redio za watu, na niwaambie ukweli, hazikufika nusu ya vile alivyozieleza.

Gramafoni mtaani ilikuwa moja, ya betri, ya kufungwa kama begi, mali ya Barasa mchinjaji. Unaazima santuri kwa Omoding, unaenda kuicheza kwa Barasa. Masharti yalikuwa kwamba ukirudisha useme ulisikia nini, na umtajie wimbo mwingine uliosikia popote, ambao yeye aende kuutafuta. Hakukubali mtu aseme ilikuwa nzuri. "Nzuri ni chai," alisema. "Niambie ulisikia nini."

Kwa hiyo mtaa mzima ukawa mtaa wa kupendekezeana nyimbo. Madereva wa malori walileta habari za Mombasa, watu wa reli walileta za Kisumu. Baba, mtu wa magunia, alisimama akatetea benga kama anayetetea shamba. Barasa, aliyekata koo za ng'ombe bila kupepesa, alipewa wimbo wa makauboi wa Amerika, na akarudi macho mekundu.

"Huyu Mzungu farasi yake ilikufa," alisema.

"Barasa, kwani wewe unajua Kizungu?"

"Sijui. Lakini sauti ya mtu amefiwa na mnyama naijua."

Katekista alipewa rumba ya Kongo. Alisema anaichukua kuipeleleza kama ina dhambi. Jumapili iliyofuata akasema upande wa kwanza ameupeleleza, dhambi hajaona, aachiwe sasa aangalie upande wa pili. Ilikaa kwake hadi watu wakasahau ni ya nani. Na mama yangu alipewa taarabu ya pwani, santuri kubwa ya nyimbo nyingi, mwanamke akiimba na fidla zikimfuata nyuma. Mama aliirudisha akasema, "Huyu mama anaringa, na ako na haki."

Santuri moja tu haikuazimwa. Ilikaa chini kabisa, imefungwa kwa leso. Ilikuwa ya bendi yao wenyewe. Walisafiri kwa gari moshi hadi Nairobi kuirekodi, wakaimba siku moja, wakarudi. Anayeimba ni mke wake Omoding, jina lake Amuge. Kuieleza alieleza, tena mara nyingi, kwa sababu mama alipenda kuomba hiyo. Ni mwanamke anamwita mtoto aingie ndani, mvua inakuja. Anamwita kwa jina, mtoto anaendelea kucheza. Anamwita tena. "Halafu gitaa linanyamaza," Omoding alisema, "na safari hii hamwiti kwa maneno. Ni sauti tu." Hapo alikuwa anaondoa vidole kwenye sanduku, na mama anaguna, "Mmh," kama mtu ameshiba.

Huyo Amuge alichukuliwa. Omoding alikuwa ametoka baa kwenda kutafuta nyuzi za gitaa, akarudi akakuta viti vimeanguka, na jirani akamwambia wanajeshi wamemwingiza mke wake ndani ya gari, nyuma, mahali pa kuwekea mizigo. Watu wa umri wangu hamhitaji kuelezwa zaidi. Lakini mwili haukuonekana, na mtu ambaye mwili wake haukuonekana ana njia ya kurudi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kwa malori, Omoding alitoka lango la ploti akashika kushoto hadi getini, akawauliza wanaovuka. "Mmemwona mwanamke mrefu, ana mwanya hapa mbele? Anaimba hata akitembea." Nasi watoto tulimfuata nyuma tukimwigiza. Watoto ni wanyama, mimi nilikuwa mmoja.

Kwetu matanga bila muziki ni mkutano tu. Barasa alikuwa akibeba gramafoni yake kwenye misiba na Omoding akimpa santuri za kucheza. Mama mkwe wa Barasa alipofariki, Barasa akaomba ile ya leso. Omoding akakataa.

"Sauti ya mtu hajulikani ako wapi haiingii matangani," alisema. "Bibi yangu alikuwa anatuambia, ukiipiga hapo umemlilia huyo mtu. Na akishaliliwa amezikwa. Hata kama alikuwa njiani anarudi, umefunga njia."

"Hayo ni mambo ya Kiteso."

"Ndiyo. Na mimi ni nani?"

Mama alikuwa hapo barazani, anachambua mboga ya mrenda. Nami nilikuwa hapo. Nilifikiri Omoding ni mchoyo tu.

Kiangazi kilichofuata surua iliingia ploti zetu. Ndugu yangu Wandera alikuwa ameanza kukimbia, bado ananyonya. Mama alimbeba mgongoni kwenda hospitali, na wakirudi alifia mgongoni. Mama aliendelea kutembea. Alifika nyumbani, akamfungua, akamlaza, akamfunika, halafu akatoka nje akaosha sufuria. Baba ndiye aliyeingia akamkuta mtoto.

Tulimzika kwenye uwanja wa kanisa maana Rukala ni mbali. Mama hakulia. Wanawake walikuja kulia kwa ajili yake, wakamshika, wakamfinya hata, lakini wapi. Aliosha sufuria zilizokuwa safi. Maziwa yalimjaa kifuani yakawa magumu, akaanza kuchemka mwili, na hakutaka mtu amguse. Alikuwa akiniangalia kama anayeangalia mtoto wa jirani. Wazee wa kike walisema wazi mbele yetu, maziwa ya mama asiyelia hugeuka jiwe, na jiwe likishaingia kifuani halitoki na dawa. Niliogopa kulala, nikidhani nitaamka nimkute naye amekufa.

Siku watu walipokuwa wanakaribia kutawanyika, alasiri, mama alisema maneno yake ya kwanza tangu msiba.

"Omoding. Niletee ile ya mvua. Leo sitaki kuelezwa, nataka kuisikia."

Barasa aliangalia miguu yake. Katekista akakohoa, akamwita kwa jina langu, "Mama Nabwire, pengine tuimbe tu tenzi moja."

"Siongei na wewe, mwalimu."

Omoding alisimama pale mikono imening'inia. "Iko na mikwaruzo," alisema.

"Hata mimi niko nayo."

Akaingia chumbani kwake, akakaa sana, hata baba akafanya kama anataka kumfuata. Alipotoka alikuwa ameibeba ndani ya leso kwa mikono miwili, vile tulivyombeba Wandera. Barasa alifungua gramafoni yake, lakini Omoding alimsukuma mkono, akaiweka sindano mwenyewe.

Niliyoisikia siku ile ndiyo pekee iliyokuwa vile vile alivyoieleza. Sauti nilidhani itakuwa kubwa. Ilikuwa ndogo, imekwaruza kidogo, sauti ya mtu ametoka kuokota kuni. Ikamwita mtoto. Ikamwita tena. Gitaa likanyamaza, na ile sauti isiyo na maneno ilipotoka, mama yangu aliinama hadi paji la uso likagusa udongo, akalia. Sijasikia tena mtu akilia vile. Wanawake wawili walimshikilia. Gauni lake lilikuwa limelowa maziwa hadi chini, nao walikuwa wanasema, haya, haya, yatoke.

Mama aliishi. Alizaa wengine wawili, akazeeka. Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama ya mtu mwema aliyetoa santuri yake. Mpaka nilipokuwa namlisha uji akiwa kitandani, nikaitaja, akaniambia bila kuulizwa, "Nilijua. Nilikuwa nachambua mboga pale alipomwambia Barasa. Nilijua naomba nini." Kisha akafunga mdomo, uji akaukataa. Ndipo nilipoelewa kwa nini katika nyumba yetu, kutoka siku ile, hakuna redio iliyowahi kuwashwa mama akiwa ndani, na baba mwenyewe, mtu wa benga, hakuwahi kuuliza. Hadi leo sijui niseme mama alichukua au Omoding alitoa. Labda ni yote mawili.

Siku ile mimi niliona kidogo tu. Niliona sindano inakwaruza mwisho wa wimbo na hakuna anayeinyanyua. Omoding akainyanyua. Akaifunga ile santuri ndani ya leso, akaiweka miguuni kwa mama, akawaaga wazee wa kike kwa Kiteso, mmoja mmoja, vile mtu anavyoaga akitoka matangani kwake mwenyewe. Sanduku aliliacha wazi barazani. Akatoka. Sisi watoto tulimkimbilia hadi langoni, tukageuka kushoto kumsubiri, kwa mazoea. Yeye akashika kulia, akapanda kwenye reli, akaifuata kuelekea Bungoma, mgongo wake kwa Uganda, na hatukumwona tena.